Nimemjengea binti yangu nyumba iliyolala upande

Fundi, shikamoo.

Mimi ni mtu wa ofisini. Kifaa ninachokishika kutwa ni kalamu, na kabla ya mwezi huu kitu pekee nilichowahi kutengeneza kwa mbao ni rafu moja ya vitabu, ambayo hadi leo vitabu vyake huteleza vyenyewe kuelekea kushoto. Binti yangu ana miaka mitano. Siku moja alijikunja chini ya meza na mdoli wake, akaniambia pale ni kwake na nibishe hodi kwanza. Nikaropoka: "Nitakujengea nyumba yako mwenyewe uani." Mtoto huyu husahau viatu vyake alikoviacha, lakini maneno hayo hajayasahau hata siku moja.

Nilichora nyumba nzuri. Imesimama juu ya nguzo nne, mita moja na nusu kutoka chini, ina ngazi, kibaraza, madirisha mawili ya vioo na paa la migongo miwili. Nikakata nguzo zote nne urefu uleule, bila tofauti hata ya milimita, nikazichimbia kina kilekile. Juu yake nikafunga fremu ya sakafu, sentimita 160 kwa 120, nikapigilia mbao tatu za sakafu na kusimamisha ukuta wa mbele wenye mlango.

Hapo mambo yakaanza kunigeuka. Mlango haufungi, ingawa tundu lake nililipima na mlango wenyewe nikaupima. Mpira ukiwekwa juu ya zile mbao tatu hukimbilia kona moja, ileile kila mara. Mbao zinapasuka nchani kila nikipiga msumari. Fito za dirisha tu ndizo zilizonyooka. Nimeziachanisha sentimita 12 kwa uangalifu mkubwa.

Jumapili alikuja shemeji yangu, mtu ambaye mikono yake haishindwi na kitu. Alizunguka mara moja, akatoa futi yake, akapima fremu ya sakafu kutoka pembe hadi pembe: upande huu 203, upande ule 197. Akacheka mpaka akaketi chini. Hakunieleza alichokicheka, nami sikutaka kumuuliza. Tangu siku hiyo kazi yote nimeifunika kwa turubai na ninamwambia binti kwamba nyumba "imepumzika".

Mke wangu anasema tuite fundi, atamaliza kwa siku mbili. Anasema kweli. Lakini mimi nilisema "nitakujengea", sikusema "nitakuletea mtu". Siku yake ya kuzaliwa imebakiza wiki tatu. Pia rafiki amenipa bure mbao za nyumba kuukuu iliyobomolewa, zina rangi tabaka juu ya tabaka, na nilipanga kuzipiga msasa nizitumie kwenye kuta. Nibomoe? Niendelee? Niite fundi?

Baba wa Turubai

Binti ananiambia nikuulize pia kama nyumba yake inaweza kuwa na kengele.

*

Marahaba, Baba wa Turubai.

Nianze na kicheko cha shemeji, maana naona kimekuingia kuliko msumari wowote. Alichokiona ni hiki. Wewe ulipima pande nne za fremu na zote zilikuwa sahihi. Hapo sina shaka nawe hata kidogo. Ila pande nne zilizo sahihi hazikupi pembe zilizo sahihi. Chukua kiberiti, toa kijaluba cha ndani, kisha libonyeze lile ganda la nje kwenye kona. Linalala upande, na hakuna ubavu uliopungua hata unywele. Fremu yako imelala vivyo hivyo. Kipimo kinachosema kweli ni cha mshazari, kutoka pembe hadi pembe, na mishazari yote miwili lazima ilingane.

Bila kujua ulichagua vipimo ambavyo mafundi huvipenda. 120 ni 40 mara tatu, 160 ni 40 mara nne, na mshazari wake, pembe zikinyooka, unakuwa 200 kamili, yaani 40 mara tano. Skwea ni kile kifaa cha kupimia pembe iliyonyooka, na ile tatu-nne-tano ndiyo skwea ya mtu asiye na skwea. Wewe una 203 na 197, maana yake ubavu mmoja umehama karibu sentimita 4 kutoka mahali pake. Kwa fundi ni jambo la kucheka, ni kweli, lakini ni la kurekebisha kwa kamba na kijiti: legeza viungo vya fremu, funga kamba kati ya zile pembe mbili zenye 203, pitisha kijiti katikati ya kamba uizungushe ijikaze, huku mwenzako akisoma futi. Zikifika 200 huku na 200 kule, pigilia ubao wa muda kwa mshazari kabla hujaiachia kamba. Usiutoe ubao huo mpaka sakafu ipigiliwe yote.

Mlango ni kesi nyingine, na mpira ni shahidi wake. Nguzo zako zinalingana. Ardhi ndiyo isiyolingana. Ukichimbia nguzo za urefu mmoja kwa kina kimoja kwenye uwanja wenye mteremko, juu unapata mteremko uleule, umepandishwa tu mita moja na nusu hewani. Kisha ukasimamisha miimo ya mlango wima, kama inavyotakiwa, juu ya sakafu iliyoinama. Kwa hiyo kizingiti kimeinama, miimo imesimama, na tundu la mlango limelala kama lile ganda la kiberiti. Mlango wenyewe pembe zake zimenyooka. Unauonea bure.

Sasa jibu la swali lako. Bomoa, lakini si yote, wala si kwa sababu ya zile sentimita sita. Bomoa kwa sababu ya nguzo. Iteremshe nyumba.

Najua umeichora ikiwa juu, na najua kwa nini: nyumba iliyo juu hupendeza ukiitazama ukiwa umesimama mbali, mikono kiunoni. Binti yako hataitazama kutoka huko. Aliyekuomba umbishie hodi alikuwa chini ya meza, kwenye kimo cha magoti yako, na pale palimtosha kabisa kuwa nyumba. Alichokipenda ni kuwa na dari karibu na kichwa na mlango unaomilikiwa na yeye. Kimo cha mita moja na nusu hakimwongezei chochote katika hayo, ila kwako kinaongeza kazi maradufu: ukingo usiopandika kuzunguka kibaraza, ngazi isiyoteleza, na chini kitu laini cha kupokea anguko. Nyasi hazitoshi na ardhi ngumu ndiyo kabisa; unahitaji mchanga au vipande vya mbao vya kina kama sentimita 30, vikienea karibu mita 2 kila upande. Mtu anayejifunza ujenzi hatakiwi kuanzia kwenye kazi ambayo kosa lake moja linavunja mkono wa mtoto.

Sakafu iwe sentimita 20 tu juu ya ardhi. Ngazi anaweza kuipata bado: vidaraja viwili, naye atavihesabu kila akipanda.

Ukishaziondoa nguzo, zikate vipande vifupi na uvikalishe juu ya matofali ya zege au mawe bapa, visiguse udongo. Mbao iliyochimbiwa hunywa maji kwa kichwa, kama mrija, kisha huoza pale pale udongo unapokutana na hewa. Na kama mahali ulipo kuna mchwa, watapanda ndani yake bila wewe kuwaona. Ikiwa imeinuliwa, upepo unapita chini na njia ya udongo ya mchwa unaiona mapema ukiinama. Mahali penye upepo mkali, nyumba nyepesi hivi inaweza kunyanyuka, basi ifunge kwa vipande vya chuma na vyuma virefu vilivyopigwa ardhini, vichwa vyake vikiwa vimefukiwa chini ya sakafu asijikwae navyo.

Kulinganisha vimo usitumie macho wala urefu wa nguzo. Tafuta mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, ujaze maji, toa mapovu yote, mmoja ashike ncha hii kwenye kona moja na mwingine ncha ile kwenye kona nyingine. Maji yatasimama kimo kimoja pande zote mbili, hata kona ziwe mbali kiasi gani. Weka alama hapo, zunguka kona zote nne, kisha kata kila nguzo kwa alama yake. Zitatoka na urefu tofauti, moja fupi nyingine ndefu, na utajisikia vibaya kuzikata hivyo. Kata.

Fremu ikikaa juu ya nguzo hizo, ongeza mihimili ndani yake isiyoachana zaidi ya sentimita 40. Kwa sakafu ya ukubwa huo plaiwudi ya milimita 18 inakuokolea siku nzima, na ina sifa moja utakayoishukuru: kiwandani hukatwa ikiwa na pembe zilizonyooka, kwa hiyo ukiilaza juu ya fremu yako itakuonyesha papo hapo kama fremu imelala tena. Chagua ile ya kuvumilia maji, na kingo zake uzipake rangi mara mbili zaidi ya uso, kwa kuwa maji huingilia kwenye kingo.

Kupasuka kwa mbao nako kuna sababu. Ncha ya msumari ni kabari. Karibu na mwisho wa ubao nyuzi hazina pa kusogea, zinaachana. Wazee wetu wa karakana walikuwa wanageuza msumari, wanaupiga ncha kwa nyundo mara moja ibutuke, ndipo wanaupigilia: ncha butu huponda nyuzi badala ya kuzipanua. Jaribu uone. Lakini kwa nyumba ya mtoto anayerukaruka ningependa utumie skrubu zisizoshika kutu, maana msumari hulegea kwa mtikisiko na siku moja kichwa chake kinachomoza kikimngoja mtu mwenye mguu mtupu. Skrubu inataka tundu kwanza. Ubao wa juu utoboe tundu ambalo skrubu inapita kwa uhuru. Wa chini tundu jembamba kuliko skrubu, ili meno yake yaume. Urefu wake uwe kiasi kwamba karibu theluthi mbili zinaingia kwenye ubao wa pili. Faida ya ziada kwa mtu wa hali yako, na naisema kwa upendo, ni kwamba skrubu unaweza kuifungua.

Zile fito ulizozionea fahari, zing'oe leo. Samahani. Sentimita 12 ni katikati kabisa ya nafasi mbaya. Mtoto mdogo anaweza kupitisha miguu na kiwiliwili kwenye nafasi kama hiyo, kisha kichwa kikakwama na miguu ikabaki inaning'inia. Wanaopanga viwango vya viwanja vya watoto huepuka kila uwazi ulio kati ya sentimita 9 na 23: ama uwe mwembamba mwili usipite, au uwe mpana kichwa kipite nacho. Kipimo hicho kitumie kila mahali, kwenye kibaraza, kwenye vidaraja, na kwenye ule uwazi wa hewa utakaouacha chini ya paa. Dirisha lenyewe liache wazi, bila kioo. Ukitaka kitu cha kuzuia mvua, plastiki ngumu inayopitisha mwanga inatosha. Na kimo cha dirisha usinipigie hesabu. Msimamishe mwenye nyumba ukutani, mwambie atazame nje, chora mstari kwenye macho yake. Wa miaka mitano wengi wana urefu wa kama sentimita 110, lakini wewe una wako hapo hapo, wa nini kutumia wa wengine?

Kuhusu upana wa mlango nina hadithi, na si ya kujivunia. Wanangu niliwajengea nyumba nikiwa tayari nimeshika randa miaka kumi na miwili. Mlango niliufanya mdogo wa kupendeza, upana sentimita 40, umeviringwa juu. Kila aliyepita aliusifu. Jioni moja mdogo akajilaza ndani akiwa na homa, nikimwita haitiki, na mimi fundi mzima nimelala kifudifudi nje ya mlango wangu mwenyewe, bega halipiti. Nilimvuta kwa kifundo cha mguu. Kesho yake niliukata ule mviringo kwa msumeno. Mlango wako uwe sentimita 60, ili mtu mzima aingie hata kwa magoti. Usiweke komeo wala kitasa ndani. Kwa kweli ningekushauri uweke nusu mlango, wa kufika kiunoni kwa mtoto, na upande wa bawaba ufunike ule ufa kwa ukanda wa mpira, maana vidole hubanwa huko pia, si upande wa kufungia tu.

Sasa mbao za bure. Usizipige msasa. Rudia kusoma hapo. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku kwa nyumba za kuishi mwaka 1978, na ziko nchi zilizochelewa kuliko hapo. Ukutani rangi hiyo hukaa kimya, ila ukiisugua inakuwa vumbi, vumbi linatua kwenye udongo, udongo unaenda mkononi na mkono unaenda mdomoni. Risasi huathiri ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Kama hujui umri wa rangi, chukulia kwamba ni mbaya. Mbao nzee zinazonuka lami, na zile za kijanikijani zilizotiwa dawa zamani, nazo zikae mbali. Dawa nyingi za wakati huo zilikuwa na aseniki, ambayo ni sumu, na vipande vyake usije ukavichoma moto. Mshukuru rafiki yako, umrudishie mzigo wake. Kuta zako zifanye kwa mbao mpya nyembamba, hata zikiwa chache, hata ukuta mmoja ukibaki wazi.

Paa nitalipitia haraka, kwa kuwa nakuomba uachane na migongo miwili. Mgongo mmoja: mbele kimo cha 160, nyuma 135, maji yanateremka yenyewe na huhitaji kenchi wala kukata pembe za kutatanisha. Litokeze nje sentimita 10 au zaidi pande zote ili mvua isipige kuta. Kama ni bati, kingo zake zivike ubao, zinakata kama kisu, na nyuma huko ziko karibu na kimo cha uso wa mtoto mkubwa.

Mkimaliza, kabla hajaingia mtu, vaa soksi kuukuu ya nailoni mkononi uipitishe kila mahali, ndani na nje, chini ya kingo, kwenye mwimo. Itanasa kila kibanzi na kila ncha ya skrubu ambayo jicho limeiruka. Panaponasa ndipo pa msasa.

Je, uite fundi? Mke wako hajakosea, wala wewe hujakosea. Muite kwa nusu siku, siku ya kulaza fremu na kusawazisha, na umwambie kabisa kwamba humlipi kujenga, unamlipa kukusimamia. Wengi watakubali wakicheka. Au muite yule aliyecheka bure. Mpe ncha ya pili ya mpira wa maji, maana kazi ile haifanyiki na mtu mmoja, na umuulize: "Shemeji, yale 203 ulikuwa unacheka nini?" Sasa unajua jibu, lakini muulize. Nadhani amekuwa akingoja kuulizwa.

Wiki tatu hazitoshi kwa mchoro wako wa kwanza. Kwa huu wa sasa zinatosha kwa sakafu, ukuta wa mbele na labda paa, ukifanya mwisho wa wiki peke yake. Usikimbizane na tarehe. Toa turubai, mwonyeshe binti ilivyo, mwambie uliikosea na unaiteremsha. Sakafu ikishakaa, tandika shuka juu ya miti miwili na umwache ahamie hivyo hivyo huku ujenzi ukiendelea siku ambazo hayumo ndani. Mpe kazi: ashike kopo la skrubu, akuhesabie, apake rangi sehemu ya chini ambayo wewe mgongo hautakubali. Drili na msumeno vibaki vyako, na plagi ichomolewe kila unapoviweka chini.

Na mwambie mwenye nyumba kwamba kengele inaruhusiwa. Isiwe ya kuvuta kwa kamba, kwa sababu kamba inayoning'inia kwenye kimo cha shingo ya mtoto siitaki popote kwenye nyumba hii. Pigilia kipande cha bomba la chuma au kifuniko kizito cha sufuria upande wa nje wa mwimo, kwenye kimo chako wewe, na kijiti cha kugongea ukitie mfukoni mwako. Yeye ndani haihitaji kengele. Anayetakiwa kubisha hodi ni wewe.